Zombi, msukule na chumvi ya bibi

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Langoni, Lamu, nimelifupisha kidogo tu:

"Asalaam aleikum mwalimu. Kila Ijumaa usiku mi na ndugu zangu tunaangalia siriz za mazombi kwa simu, na bibi yetu kila akipita anasema zimeni hayo, ndo misukule hayo, mtayaita. Tumebishana mpaka akanuna. Sasa naomba utuamue: mazombi walitoka wapi, na ni kitu kimoja na msukule? Na mbona twapenda kuangalia kitu ambacho kikiisha hakuna anaethubutu kwenda chooni peke yake? Jengine, bibi huweka chumvi ya mawe kwenye pembe za nyumba, kuna uhusiano wowote?"

Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza mwambie bibi asinune. Kwenye ubishi huo yeye yuko karibu na ukweli kuliko nyinyi, japo si kwa sababu anayoifikiria, na nasema hivo nikiwa mtu aliesomesha fasihi simulizi miaka zaidi ya thelathini na kukusanya hadithi za wazee toka Faza mpaka hapa Malindi nilipo, alafu, astaghfirullah, mimi pia ni mpenzi wa muvi hizo hizo mnazoangalia. Ntazunguka kidogo kabla sijafika, nivumilie.

Zombi mnaemjua nyinyi, yule anaekwenda akiyumba kama mlevi wa alfajiri, mdomo umejaa damu, akikuuma na wewe unageuka, umri wake ni miaka hamsini na kitu. Ni mdogo kuliko mimi! Zombi wa asili hali mtu wala haumi mtu. Zombi wa asili analima.

Twende Haiti, kwenye kisiwa kimoja cha bahari ya Karibi. Upande ule wa kisiwa Wafaransa walikuwa wanauita Saint-Domingue, na kabla watumwa hawajaasi mwaka 1791 palikuwa na watumwa karibu nusu milioni kwenye mashamba ya miwa, kahawa na nili, wengi wao hata hawakuzaliwa pale, walishushwa kwenye merikebu kutoka Kongo, Dahomey na kwengineko. Kazi ya miwa si mchezo. Ukishaukata muwa lazima ukamuliwe haraka kabla haujachacha, kwa hivo msimu wa mavuno vinu vinazunguka usiku kucha, na yule anaelisha miwa kwenye magurudumu akisinzia kidogo tu mkono unaingia. Kwenye visiwa vile ilikuwa inawekwa panga kando ya kinu, ya kumkata mkono alienaswa. Si kwa huruma, ni ili kinu kisisimame.

Mtu wa hali hio anatamani nini? Anatamani kufa, basi. Waliamini ukifa roho yako inarudi kwenu, ng'ambo ya maji, mahali walipopaita Ginen, yaani Afrika ile ya mababu. Kifo ndo ilikuwa likizo pekee ya mtumwa. Na hapo ndo ikazaliwa hofu kubwa kuliko zote: je, kama hata ukifa huachiwi? Kama kuna mtu ana uwezo wa kukutoa kaburini siku ya tatu, akaifungia roho yako kwenye chupa, mwili akaurudisha shambani ukalime bila kuchoka, bila kudai, bila kufa tena? Huyo ndo zombi, wao hutamka zonbi. Mchawi anaefanya kazi hio wanamwita bokor. Kwa hivo Mhaiti haogopi kuumwa na zombi, anaogopa kufanywa zombi. Ukimuona zombi njiani unamuonea huruma, humkimbii.

Na wana njia zao za kumlinda maiti wao. Inasemekana mchawi humwita maiti kwa jina lake pale kaburini, na akiitika tu basi kashakwisha, kwa hivo familia nyengine zilikuwa zikimshona maiti mdomo, au zinamwekea sindano isiyo na tundu na uzi wake ashughulike kuutunga milele, au zinammwagia simsim kaburini ahesabu moja moja, ili akiitwa awe bize. Mi nlipoisoma hio mara ya kwanza nilicheka peke yangu, alafu nikanyamaza. Manake sisi huku maiti akishazikwa tunakaa pale tunamsomea talkini, tunamfundisha namna ya kujibu akijiwa na malaika. Sisi twamfundisha maiti kujibu, wao wanamzuia asijibu.

Na usidhani ni porojo za mitaani tu. Sheria ya jinai ya Haiti, kifungu cha 246, iliongezewa maneno mwaka 1864 kwamba kumpa mtu kitu cha kumlaza kama maiti, hata kama hakufa, ni kosa la sumu, na kama amezikwa basi ni mauaji, liwe liwalo baadae.

Neno lenyewe wanalirudisha Kongo na Angola. Kuna nzambi ya Kikongo, ambalo ni jina la Mungu, na kuna nzumbi ya Kimbundu, ambayo ni roho ya alokufa. Ni lugha za Kibantu hizo, binamu wa Kiswahili chetu. Kwa hivo ukiniuliza zombi katoka wapi jibu fupi ni kwamba katoka Afrika akiwa roho, akafika Karibi akapigwa minyororo akawa mwili.

Sasa tuje kwa msukule wa bibi. Neno hili sisi wa pwani ya Kenya tumelipokea zaidi kutoka kwa ndugu zetu wa Tanzania, na wao wana jengine, ndondocha. Maelezo yake unayajua: mtu anakufa ghafla, kifo hakieleweki, anazikwa, alafu inasemwa hakufa, kachukuliwa, na mlichokizika ni mgomba uliofanywa muonekane maiti. Yeye yuko kwa mtu mahali, amekatwa ulimi, analala darini, analima usiku, analishwa pumba. Wazulu wa Afrika Kusini nao wana umkhovu, na yeye ulimi umekatwa. Na miaka ya 1990 kule Afrika Kusini, vijana walipokosa kazi huku watu wachache wakitajirika bila kueleweka wametajirika vipi, hadithi za matajiri wenye vibarua maiti zilienea sana, wasomi wakaandika juu yake. Umeona uzi? Haiti, Tanzania, Afrika Kusini, swali ni lile lile: huyu mbona ana mali nyingi na hatuoni wanaomfanyia kazi?

Kwa hivo ndio, msukule na zombi wa Haiti ni ndugu. Zombi wa simu yenu ndo mtu baki.

Ila kuna tofauti moja ambayo bibi yako akiambiwa atafurahi. Kwetu huku Lamu na Malindi dini haimpi maiti ruhusa ya kurudi. Akishaoshwa, akakafiniwa, akalazwa kwenye mwanandani na udongo ukashuka, yuko barzakh, habari yake imekwisha hapa duniani mpaka siku ya kufufuliwa. Kwa hivo mtu wa pwani akiona kitu cha kumtisha usiku hasemi ni maiti, atasema ni jini, au mzuka, au kiini macho. Hata habari ya mgomba ukiitazama vizuri ni kukwepa hapo hapo: hakufufuliwa mtu, mtu hakufa kabisa, nyinyi ndo mlifungwa macho. Na hofu yetu inakaa mahali zaidi kuliko kwenye mwili. Angalia Gedi, mji mzima wa mawe uliachwa ukamezwa na msitu, misikiti, visima, nyumba ya mfalme, na watu wa kando yake kwa miaka wakisema pana wenyewe, usiende jioni. Hakuna aliesema maiti wa Gedi watatoka watutafune. Wenyewe wamekaa zao, wewe ndo usiwasumbue.

Nikupe hadithi moja nilopewa na mzee wa Mambrui, nlimkuta anashona mshipi chini ya mkwaju, nikamuuliza habari za misukule. Akanambia akiwa mtoto shangazi yake alifiwa na mume, mume mzima wa afya, aliamka asubuhi akasema kichwa, adhuhuri wakamzika. Shangazi akakataa. Akasema yule si yeye, mlizika mgomba, mume wangu yuko kwa watu analimishwa. Basi kila siku baada ya magharibi akawa anamwekea sahani ya wali kwenye kizingiti cha mlango wa uani, na kipande cha samaki, kwa sababu akitoroka atafika na njaa. Na kila asubuhi sahani tupu. Miaka miwili! Mtaa mzima ukaamini. Mzee akaweka mshipi chini akanambia, "Mwalimu, ni mimi nlokuwa nakila." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, alafu akafuta macho akasema, ila siku nilopelekwa madrasa ya mbali sahani ikaanza kubaki imejaa, na shangazi akafa mwaka ule ule.

Hadithi hii siisahau kwa sababu inanionyesha upande wa pili wa msukule ambao muvi haziutaki. Msukule ni matumaini pia. Mtu alofiwa ghafla afadhali aamini mpenzi wake anateswa mahali kuliko aamini hayupo tena. Mtumwa anaweza kutoroka, maiti hawezi.

Na utumwa wenyewe sio habari ya Haiti peke yake, tusijitie usahaulifu. Mji huu wa Malindi ninaoandikia, nusu ya pili ya karne ya 19 ulikuwa ghala la mtama na simsim zinazopakiwa majahazini kwenda Arabuni, na walolima si waungwana wa mjini, ni watumwa waloletwa kutoka kusini huko, pande za Ziwa Nyasa. Waliotoroka wakajenga vijiji vyao huko bara, Fuladoyo pamoja na vyengine, wakaitwa watoro. Utumwa haukufutwa kisheria pwani hii mpaka 1907. Kwa hivo hadithi ya mtu asie na ulimi, anaelimishwa usiku shambani kwa mtu, kwa sie watu wa hapa wala haihitaji kuagizwa kutoka nje.

Utaniuliza, je kuna ukweli wowote wa kitabibu? Kisa kinachotajwa sana ni cha Clairvius Narcisse. Mwaka 1962 aliandikwa amekufa kwenye hospitali moja huko Haiti, akazikwa, alafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanamme akamfuata dada yake sokoni akajitambulisha kwa jina la utani la utotoni ambalo watu wa nje hawalijui. Akasema alitolewa kaburini akapelekwa kulima miwa. Mtaalamu wa mimea kutoka Kanada, Wade Davis, akaenda kutafuta dawa wanayotumia, akarudi na unga ambao baadhi yake una samaki, na samaki mwenyewe ni bunju. Ndio huyo huyo bunju, yule akinaswa kwenye wavu anajijaza upepo kama mpira na wavuvi wenu wanamtupa. Sumu yake inaua mishipa ya mwili nguvu, kiungo kimoja kimoja, midomo inaanza kufa ganzi, ulimi, miguu, mpaka pumzi, na unaweza ukalala hapo huwezi kupepesa jicho ila unasikia kila kitu. Waliokula bunju wakapona wanasimulia hivo. Davis akasema mtu akishazikwa akatolewa analishwa mnanaha, ule mmea wa maua meupe kama tarumbeta na vitunda vya miiba, ambao unamvuruga mtu akili.

Nadharia tamu sana, na mi nliiamini miaka mingi na nikawafundisha wanafunzi wangu hivo, naomba radhi. Tatizo ni kwamba wanakemia waliopima ule unga walikuta sumu ya bunju ndani yake ni kidogo mno, na sumu hio huwezi kuipima kwa kijiko, ukizidisha umeua, ukipunguza umempa ganzi ya midomo tu. Alafu mwaka 1997 madaktari wawili walichapisha habari za watu watatu wa Haiti ambao familia zao zilisema ni mazombi walorudi. Wakawapima akili na wakawapima DNA. Wote watatu walikuwa wagonjwa, wa akili au wa ubongo, na DNA ikaonyesha wawili hawakuwa hata ndugu wa familia zilizowachukua. Yaani watu wamefiwa, wakaona mtu wa barabarani anaezurura hana kwao, anafanana na wao, wakampeleka nyumbani wakamuosha wakamlisha. Nikakumbuka ile sahani ya Mambrui.

Haya, sasa huyu mtu wa kuonewa huruma aligeuka vipi akawa wa kupigwa risasi?

Marekani iliikalia Haiti kijeshi kutoka 1915 mpaka 1934, na katika miaka ya mwanzo wanajeshi wake waliwakamata wanakijiji wakawafanyisha kazi ya barabara kwa nguvu, bila hiari yao. Ni katika miaka hio ya ukaliaji, 1929, mwandishi wa Kimarekani William Seabrook anatoa kitabu cha safari zake Haiti kikiwa na mazombi wanalima miwa ya kiwanda, na 1932 ikatoka muvi ya kwanza ya zombi, White Zombie, na ndani yake bwana wa wachawi ni mzungu, na mazombi wake wanasukuma kinu cha sukari. Kuna mandhari mle mmoja anaangukia ndani ya kinu na kinu hakisimami, wengine wanaendelea kusukuma. Hapo bado zombi alikuwa mtumwa.

Mwaka 1968 kijana wa Pittsburgh, George Romero, na marafiki zake wakakusanya dola kama laki moja na elfu kumi na kitu, wakapiga muvi ya rangi nyeusi na nyeupe, Night of the Living Dead, kuhusu watu wamejifungia kwenye nyumba ya shamba na maiti wako nje wanataka kuingia wale nyama. Yeye hakuwaita mazombi, neno hilo halimo mle ndani. Aliwaita ghoul, na ghoul ni Kiarabu, ghul, yule shetani wa jangwani anaekula wasafiri, anaepatikana kwenye hadithi ambazo mababu zenu wa Lamu walikuwa wakizisikia kutoka kwa mabaharia wa msimu wa kaskazi. Umeona mzunguko? Jina la Kongo, mwili wa Haiti, njaa ya Kiarabu, vikapikwa pamoja kwenye chungu cha Pittsburgh.

Kuenea kwake ni kichekesho. Msambazaji alibadilisha jina la muvi dakika za mwisho, na katika kubadilisha akasahau kuweka ile alama ya hakimiliki, na sheria ya Marekani wakati ule ikasema hakuna alama hakuna haki. Kwa hivo muvi ikawa ya umma, kila mtu akaweza kuinakili, kuionyesha, kuiuza, na kila mtu akaiga masharti yake: risasi ya kichwa, kuumwa ni kugeuka, wanakwenda polepole lakini hawaachi. Romero hakupata faida aliyostahili, ila zombi wake akaota kila mahali kama mkwamba.

Na mwisho wa muvi ile, sikuharibii sana maana ni ya 1968, shujaa ni mtu mweusi, amepigana usiku kucha amepona, asubuhi wanakuja wazungu na bunduki kusafisha eneo, wanamuona dirishani, wanadhani ni mmoja wa wale maiti, wanampiga risasi. Miezi sita tu kabla muvi haijatoka, Martin Luther King, mtetezi wa haki za weusi wa Marekani, alikuwa ameuawa. Wakishampiga yule shujaa wanauburura mwili wake kwa kulabu wautupe motoni pamoja na maiti wengine. Hata mtu asiejua kitu kuhusu Haiti, hapo anaiona.

Lakini kitu kilichonikaa mimi ni chengine. Kuna msichana mdogo amelala chini ya nyumba, kaumwa, mama yake anamuuguza. Mtoto anakufa anaamka, mama anamtazama, anamwita kwa jina, na mtoto anamuua mama yake. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sasa hebu fikiria zimwi hili linakujua, limezaliwa na wewe, na linakula mpaka linakwisha. Methali nzima imevunjwa. Ile ndo kazi alofanya Romero kubwa kuliko damu zote, kamtoa mtu kujua. Zimwi la hadithi zetu unaweza kuongea nalo, unaweza kulidanganya, lina mke, lina nyumba, wakati mwengine lina haya. Zombi huwezi kumwambia "ni mimi".

Kwa hivo mnapenda nini hapo? Nlikuwa najiuliza hivo hivo nikiwa kijana Lamu, wakati wa kaseti, tukilipa shilingi kuingia kibanda cha video Mkomani, jenereta inanguruma nje, TV moja ndogo juu ya meza, watu arobaini chini kwenye mkeka na harufu ya samaki kwa sababu nusu yao ndo wametoka baharini. Ikaletwa ile video ndefu ya Michael Jackson ya 1983, mazombi wanacheza dansi, na nakumbuka watu wazima wakipiga kelele "geuka, geuka, nyuma yako!" na mvuvi mmoja mkubwa wa mwili akiwa amejifunika kikoi mpaka machoni. Ilipokwisha hakuna alieondoka peke yake. Tulitoka kwa makundi kwa makundi, uchochoro ule wa Lamu hata punda wawili hawapishani, tukishikana mashati na kucheka kwa sauti kubwa mno. Na ile ndo raha yenyewe. Hukulipa shilingi kuogopa, ulilipa kuogopa na wenzako na kufika nyumbani.

Sababu ya pili niliiona darasani. Nlikuwa nikiwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu insha, mazombi wameingia Lamu, utafanya nini. Hakuna insha walioandika ndefu kama hio. Mmoja anasema nyumba zetu za mawe kuta zake ni mkono mzima, mlango wa msaji, tupande darini tuvute ngazi. Mwengine anasema kwanza tuikamate mashua, tuvuke Manda. Wakaanza kubishana: maji yakikupwa je? Si wanatembea tu matopeni wakaja? Mwengine akauliza nani apande mashua, wazee au watoto, na je kama babangu kaumwa ila bado anaongea? Darasa likanyamaza kimya. Unaona, hakuna hata mmoja alokuwa anaongea habari ya zombi tena. Walikuwa wanaulizana nani wako na nani si wako, na mlango utamfungulia nani. Maswali hayo huwezi kumuuliza mtoto wa miaka kumi na saba uso kwa uso, ataona haya. Mpe zombi atakujibu kurasa nne.

Na kilema cha zombi, kule kutojua kitu, ndo nguvu yake, kila zama inambebesha mzigo wake. Romero mwaka 1978 akawaweka ndani ya mol, wanazunguka madukani kwa mazoea tu. Geimu za Japani miaka ya 1990 zikamtia virusi vya maabara, 2002 Waingereza wakamfanya akimbie, 2016 Wakorea wakamjaza kwenye treni. Hata idara ya Marekani inayoshughulikia magonjwa mwaka 2011 ilitumia mazombi kufundisha watu kuweka maji na tochi nyumbani, na watu wakamiminika kusoma kwa wingi mpaka mtambo ukalemewa. Alafu ikaja korona. Machi 2020 kafyu, saa moja jioni Malindi kimya, unasikia bahari katikati ya mji, na kwenye simu tunaona maiti wanazikwa na watu waliovaa nguo nyeupe kichwa mpaka miguu. Mi nilisema hii nishaiona. Kuna utafiti ulichapishwa 2021 ukaonyesha mashabiki wa muvi za namna hii, za mazombi na mwisho wa dunia, walihisi wamejiandaa zaidi kwa lile janga kuliko wengine. Usimsomee bibi hapo, atasema mnatafuta visingizio.

Sasa ubishi wenu. Bibi kakosea kusema mtayaita, hayaitiki hayo, hayana hata hakimiliki. Ila amepatia kwamba nyuma ya yale makelele kuna msukule, mtu wa watu alonyimwa kupumzika. Kama unataka kumpatanisha, siku moja muonyeshe ile ya 1932, haina damu hata tone, mwambie hao wanaosukuma kinu mababu zao walitoka Afrika, uone kama hatokaa akaimaliza.

Na chumvi. Huko Haiti zombi halishwi chumvi kabisa, chakula chake ni chapwa, kwa sababu akionja tu anazinduka, anajua kumbe nimekufa, na hapo atamgeukia bwana wake au atakwenda moja kwa moja mpaka kaburini kwake aanze kufukua kwa mikono. Kwa hivo kwao chumvi inamwamsha alotekwa, kwetu inamfukuza asiealikwa. Nlimwambia hivi yule mzee wa Mambrui, akasema basi bokor asilete vibarua wake kaskazi yetu hii, kuanzia Gongoni mpaka Marereni pote ni mashamba ya chumvi, watazinduka wote kabla ya saa nne asubuhi. Ya bibi mwache aweke. Ila ile ya pembe ya jikoni aisogeze mbali na friji, yangu iliota kutu miguu yote minne.